Jina Alilolitaja Shahidi wa Saba

Siku Bibi Subilaga aliponisindikiza kwenda kuandikishwa chuoni, karani alimuuliza jina langu la ukoo, naye akanyamaza. Si kwamba halijui. Alinisukuma begani akasema, "Mwenyewe huyu hapa, ana mdomo." Nikajibu, "Mwakabungu," na Bibi akageukia dirishani mpaka karani alipomaliza kuandika.

Nilishazoea. Mwakabungu lilikuwa jina la baba mkwe wake. Kwetu Rungwe, kwa wale walioshika mila, mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hamtazami usoni, wala hapishani naye njiani. Akimwona anakuja anajitosa majanini mpaka apite. Mzee mwenyewe alikufa kabla sijazaliwa, lakini Bibi hakuona sababu ya kulegeza. Ubaya ni kwamba jina hilo limeandikwa kwa herufi za shaba juu ya mlango wa ukumbi mkubwa wa chuo chetu: UKUMBI WA ANGETILE MWAKABUNGU, MFUNGUA LANGO. Bibi aliuita "lile jengo la duara", na ndani hakuwahi kukanyaga, maana ukutani kuna picha ya mzee, kubwa kuliko meza ya kulia.

Basi mimi Tusekile, kitukuu wa Mfungua Lango, nilianza mwaka wa kwanza nikiwa nimevimba kichwa. Sifichi. Somo la Historia ya Dunia ya Kisasa lilikuwa la lazima kwa kila anayeingia chuoni, hata yule aliyekuja kusomea magonjwa ya chai, na ndani ya kitabu chake ukoo wangu ulikuwa na ukurasa mzima.

Wiki ya tano nikapangiwa Shahidi wa Saba.

Vibanda vya mashahidi viko nyuma ya maktaba. Unaingia, unajifungia, unakaa mbele ya kioo kirefu. Kioo kinawaka, na upande wa pili anakaa mtu. Huyu wangu alikuwa mama wa makamo, uso wa duara, kitambaa cheupe kichwani. Uso haukuwa wake wala sauti haikuwa yake. Sheria inataka mashahidi wafichwe, na kanda zao halisi zifungwe mpaka wafe. Kilichobaki ni maneno. Mtu alikaa zamani akasimulia kwa saa nyingi mbele ya kamera, kisha mashine ikayachukua masimulizi yake ikayafuma, ikaziba mapengo, hadi akawa mtu unayeweza kumuuliza lolote akakujibu.

"Shikamoo, mama," nikasema. Wenzangu hucheka nikiamkia kioo, lakini nimelelewa hivyo.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuliza nini?"

"Miaka ya Malango. Lango la Juu lilipofungwa, amri ilitoka wapi?"

Nilijua jibu tangu darasa la pili. Mwaka ule wa tatu wa ukame dunia nzima ilikuwa inajifungia maji. Malango yalifungwa Danubi, yakafungwa Mekong, na kwetu yakafungwa milimani, kwa amri ya Tume ya Maji ya Dunia. Watu wa tambarare ya Usangu walipanda na watoto na mifugo kufuata mito yetu, wakakuta chuma. Walikufa mia mbili na kumi na wanne. Siku ya nne mlinzi wa lango, Angetile Mwakabungu, akaikaidi Tume, akafungua.

"Hakukuja amri yoyote," akasema yule mama. "Simu ilikuwa kimya wiki nzima. Aliyefunga ni baba mkwe wangu, Angetile Mwakabungu. Alifunga kwa mkono wake, ufunguo akauvaa shingoni."

Nilitaka kukipiga kiatu kile kioo. Halafu, haikupita dakika, nikaanza kucheka peke yangu mle kibandani.

Eti "baba mkwe wangu"! Akamtaja jina la kwanza na la ukoo, kama anamwita mchuuzi wa nyanya. Mzee Angetile alikuwa na wana watatu, kwa hiyo wakamwana watatu: Bibi yangu, na wenzake wawili ambao wameshatangulia mbele ya haki. Wote watatu walishika mila ile mpaka ukomo. Hakuna hata mmoja ambaye angethubutu kulitamka jina lile, hata ndotoni. Aliyetengeneza uongo huu hakuwajua wanawake wa kwetu.

"Nimekushika," nikamwambia.

"Umenishika nini, mwanangu?"

Nikazima kioo.

*

Daktari Lwitiko Mwambene, mwalimu wetu wa somo hilo, ana sweta moja la kijivu na maswali matatu. Huyaandika ubaoni kila kipindi, nasi huyasoma kwa sauti kama watoto wa chekechea. Nani anasema? Alikuwa wapi? Anapata nini akisema hivyo? Anasema mtu akiyashika hayo matatu, mengine ya historia ni kumbukumbu za tarehe tu.

Nilimkuta ofisini anakunywa chai. Nikamweleza huku nimesimama, maana kukaa nilishindwa.

"Mashahidi wametengenezwa na nani?" akaniuliza.

"Na Tume, Mwalimu."

"Na lango lile linasemekana lilifungwa kwa amri ya nani?"

"Ya Tume."

"Ikisemwa kwamba mlinzi alijifungia mwenyewe, Tume inapata nini?"

"Inajisafisha, Mwalimu. Inanawa mikono kabisa."

Akaweka kikombe chini polepole. "Tusekile, nimefundisha miaka kumi na saba. Sijawahi kuona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akimkamata Shahidi. Andika pingamizi."

Pingamizi ndiyo silaha pekee tuliyopewa dhidi ya mashine. Unaeleza ulichokishuku, unaleta ushahidi, wanakaa wazee watatu wa baraza la chuo kukusikiliza. Wakikubali, maneno yale yanafutwa kwa Shahidi katika vyuo vyote duniani ndani ya saa moja. Yanafutwa hadi kwenye kanda halisi iliyofungwa, yasibaki popote.

"Na ikija kuonekana baadaye kwamba yalikuwa kweli?" nikauliza. Niliuliza kwa kujifanya makini tu.

"Lililofutwa halirudi. Kwa hiyo leta ushahidi wa kutosha. Bibi yako yu hai?"

"Yu hai, Mwalimu."

"Mrekodi." Akanipa fomu ambayo alikuwa ameshaitoa kwenye mtoto wa meza kabla sijamaliza kueleza. Nikaitazama ile fomu, nikamtazama na yeye. Kitabu chenye ukurasa wa ukoo wangu alikiandika huyuhuyu Daktari Mwambene. Swali la tatu likanijia: na wewe je, Mwalimu, unapata nini? Nikalifukuza, kwa kuwa alikuwa upande wangu.

Pingamizi lilipobandikwa ubaoni nje ya maktaba, wa kwanza kulisoma alikuwa Nkwimba Luhende, tuliyekaa naye dawati moja. Nkwimba ni wa Usangu, familia ya wafugaji. Msichana mpole, haongei mpaka aulizwe. Alilisoma mara mbili.

"Unataka jina lifutwe," akasema.

"Nataka uongo ufutwe."

"Sisi nyumbani hilo jina tunalitaja kila mwaka. Siku ya kuwaombea waliobaki nje ya lango."

"Si ndiyo! Mnamshukuru."

Nkwimba alinitazama mpaka nikaona aibu bila kujua ya nini. "Tuse, tumekaa dawati moja mwezi mzima na zaidi. Umewahi kuniuliza kwetu wanasemaje?"

Sikuwahi. Badala ya kukiri hivyo nikamtilia shaka na yeye. Nani anasema? Mjukuu wa waliokufa. Anapata nini? Mtu wa kumlaumu. Nilirudi bwenini nimefura, nikijiona nimekuwa mwanahistoria.

*

Jumamosi mchana nilikwenda kwa Bibi. Alikuwa jikoni kwenye kigoda, anamenya ndizi, sufuria ikitokota maharage pembeni. Ana miaka themanini na mitatu na bado anamenya haraka kuliko mimi, ingawa ukucha wa kidole gumba cha kushoto umepasuka katikati tangu ujana wake na haukuwahi kuota vizuri. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiuchezea ule ufa nikisubiri usingizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Umekonda. Huko hawawapi chakula, wanawapa kelele tu?"

Nikachukua kisu nikamenya naye. Nilimpa habari yote: kibanda, kioo, yule mama wa kitambaa cheupe. Nilikuwa mwangalifu nisilitaje jina mbele yake, nilisema "mzee". Nilipofika pale Shahidi aliposema mzee ndiye aliyefunga, Bibi aliacha kumenya.

"Alikuwa na sauti gani?"

"Ya kubuni, Bibi. Hata sura ni ya kubuni."

"Na alisema kwamba alikuwa nani?"

"Mkamwana wake! Ndipo nilipomshika. Alimtaja kwa jina, Bibi. Majina yote mawili."

Ndizi ilimponyoka ikaingia kwenye majivu. Aliiokota, akaitazama, akaipangusa kwa upindo wa khanga yake, akaitazama tena. Mimi nikafikiri ni hasira, tena nikafurahi kwamba tumekasirika pamoja.

"Bibi, nataka uniambie neno moja nilipeleke kwenye baraza." Nikawasha kinasa sauti. "Ninyi wakamwana watatu wa nyumba ile. Kuna aliyewahi kulitaja jina la mzee?"

Maharage yakachemka yakamwagikia motoni, na Bibi hakunyanyuka.

"Hakuna mkamwana wa nyumba ile aliyelitaja jina hilo mbele ya mtu," akasema.

"Asante, Bibi!" Nikazima. Nikambusu shavuni.

"Na hayo maneno ya kwenye kioo, wakikukubalia, watayafanyaje?"

"Watayafuta. Kila mahali. Hata kanda yenyewe."

"Itakuwa kama hayakusemwa?"

"Kama hayakusemwa kabisa."

"Mh," akasema Bibi, akarudi kwenye ndizi zake. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani, kitu ambacho kwa magoti yake alishakiacha, akanishika mkono kwa nguvu utadhani nasafiri ng'ambo.

*

Utaratibu unataka umhoji Shahidi mara ya pili siku moja kabla ya baraza, kuona kama atarudia maneno yaleyale. Niliingia kibandani asubuhi na karatasi ya mitego. Niliamua kumbana kwa mila zetu mpaka mashine ishikwe na kigugumizi.

"Shikamoo, mama. Ulisema baba mkwe wako ndiye aliyefunga. Ulimwona?"

"Marahaba. Nilimwona."

"Mkamwana hamtazami baba mkwe. Ulimwonaje?"

Nilisubiri aanguke.

"Nilikuwa nimejificha," akasema. "Nyumba ya mlinzi ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, chenye gurudumu la lango, na mlango ni mmoja. Nilikuwa namenya ndizi pale kwenye kona yenye mwanga. Akaingia ghafla, saa ambayo si yake. Sikuwa na pa kupita bila kumkaribia. Nikajibana nyuma ya mlango, nikajifunika khanga hadi kichwani. Khanga ilikuwa imechakaa, naona kwa ndani."

Karatasi yangu ya mitego ilikuwa mkononi na sikuisoma tena. Hilo mtu wa Tume angelitoa wapi? Anayeghushi anamweka shahidi dirishani, au barabarani. Hamweki nyuma ya mlango, amejifunika, kwa kuwa anamkimbia mkwe.

"Endelea," nikasema.

"Watu wa tambarare walikuwa wameanza kufika. Niliwasikia wanabisha hodi, tena kwa adabu. Yeye akasema peke yake, 'Wakiingia hawa, sisi tutakunywa nini?' Akashika gurudumu. Chuma kilipogonga chini nyumba yote ilitikisika, kisu kikanipasua kidole gumba. Nikaing'ata khanga nisipige kelele."

"Kidole cha mkono gani?"

"Cha kushoto. Ukucha haukuota vizuri tena."

Niliinuka, nikakaa. Nilitaka kuzima kioo na mkono ukakataa. Nje wanafunzi walikuwa wanapita wanacheka, na mimi nilikuwa naangalia uso wa mwanamke nisiyemjua ambao ndani yake alikuwa amekaa Bibi yangu.

"Siku ya nne alifungua," nikasema. Nilikuwa kama namwomba.

"Alifungua kwa sababu hodi zilikuwa zimekwisha. Amri ya Tume ilikuja kuandikwa baadaye, walipotokea watu wa kuuliza. Ilimfaa kila mtu wa upande wetu."

"Na mbona ulilitaja jina lake? Mkamwana halitaji!"

"Bwana aliyetumwa na Tume alipoleta kamera niliomba watu wote watoke. Naye nikamwambia akasubiri garini. Nikaiwasha mwenyewe, kama alivyonielekeza. Kamera si mtu. Nikasema ngoja nijaribu, nione kama ulimi utakatika."

Hakuna aliyelitaja mbele ya mtu. Alinijibu ukweli mtupu pale jikoni, na mimi nikambusu shavuni.

"Mama," nikasema, "kwa nini ulitaka lisikike?"

"Kwa sababu ya mchana wa pili. Mzee alisinzia kwenye kiti, ufunguo uko shingoni, kamba yenyewe nyembamba. Mimi nipo mlangoni na kisu mkononi. Zilikuwa hatua sita. Lakini mkamwana hamkaribii baba mkwe. Nikasimama pale nikizihesabu, na nje mtoto analia. Hatua sita, mwanangu. Sikuzipiga."

Nilikimbia hadi kwa Daktari Mwambene. Nikamwambia nafuta pingamizi.

"Huwezi," akasema. "Likishabandikwa na ushahidi ukaingia, ni la baraza. Si lako tena."

"Mwalimu, nimekosea. Shahidi anasema kweli."

"Una ushahidi gani?"

Nikafungua mdomo. Nimwambie nini? Kwamba Shahidi wa Saba ni Bibi yangu, aliyefichwa kwa sheria na kwa aibu ya miaka hamsini na nane? Kwamba ndiye aliyelitaja jina, na ndiye aliyeuacha ufunguo? Siri haikuwa yangu. Nikafumba mdomo.

"Umeingiwa na woga, ni kawaida," Daktari akasema, akinifungulia mlango nitoke. "Kesho usiseme neno. Bibi yako atathibitisha maneno yake, basi, imekwisha." Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha.

*

Sikuwahi kufikiri nitamwona Bibi ndani ya lile jengo la duara. Alifika saa nne asubuhi, khanga imemfunika kichwa hadi kwenye nyusi, anatembea kiubavu kwa kufuata ukuta. Aliwekewa kiti mbele. Akakigeuza, akaipa mgongo picha. Wanafunzi wawili wakacheka kwa chinichini.

Sikuwa nimemwambia kwamba najua. Usiku kucha nilikuwa nimejiuliza. Nikinyamaza, Bibi anarudi jikoni kwake salama, ukoo unabaki na ukumbi wake, na mimi nafaulu. Wale mia mbili na kumi na wanne wanabaki wameuawa na amri isiyo na mtu, na kile alichojitahidi Bibi kukisema mara moja tu maishani kinafutwa, na mfutaji ni mimi. Nikisema, namvua nguo bibi yangu hadharani. Nilivyoona, hakukuwa na njia ya tatu.

Wazee watatu wa baraza walikaa. Daktari Mwambene akasoma pingamizi langu kwa sauti nzuri, yote, hadi kwenye kipengele cha mwisho.

"'Hakuna mkamwana wa nyumba ile aliyelitaja jina hilo mbele ya mtu.' Bibi, haya ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Unayathibitisha?"

"Nayathibitisha."

Wazee wakatazamana, mmoja akawa ameshachukua kalamu. Nyuma kabisa Nkwimba alikuwa amesimama, ingawa viti vilikuwepo.

"Mwenye pingamizi ana neno kwa shahidi wake?" akauliza mwenyekiti wa baraza, kwa kutimiza utaratibu tu.

Daktari alinitikisia kichwa: hapana.

Nilisimama. "Nina swali moja. Bibi, siku lango lilipofungwa, ulikuwa wapi?"

"Hilo halihusiani na pingamizi," Daktari akadakia.

"Ni swali lako la pili, Mwalimu. Liko ubaoni kila siku."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alinitazama chini ya upindo wa khanga, kwanza kwa mshangao, halafu nikaona ameelewa kwamba najua. Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa tayari anikane, anitukane, aniambie nikae. Nilikuwa tayari hata aseme sikumbuki.

"Nilikuwa nyuma ya mlango," akasema.

Akanyanyuka. Alikishika kiti kwa mikono yote miwili akakigeuza, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, mpaka kikatazamana na picha. Hakukaa. Aliishusha khanga kutoka kichwani, ikaanguka mabegani, na nywele zake nyeupe zikaonekana mbele ya mzee yule kwa mara ya kwanza.

"Niliyoyasema kwa ile kamera niliyasema mimi," akaiambia picha. "Hayajatungwa. Hakuna aliyekutuma. Ulifunga wewe, Angetile Mwakabungu, na mimi ufunguo niliuona, na sikuuchukua."

Nililia, sioni haya kusema. Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Daktari Mwambene alikuwa anaipanga karatasi yake mezani, anaipanga upya, ingawa ilikuwa moja tu.

Nkwimba akashuka ngazi za ukumbi akiwa na daftari. Alifika mbele ya Bibi akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

"Wa Usangu, Bibi. Wa wale wa nje." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Naomba urudie. Nyumbani kuna wazee wamesubiri miaka yote wasikie mtu wa upande wa ndani akimtaja aliyefunga kwa jina. Nitawaandikia kama ulivyosema."

Bibi alijaribu, midomo ikacheza bila sauti. Nikamsogelea, nikafungua kinywa nimsaidie, kama siku ile kwa karani.

Akanizuia kwa kile kidole chake kilichopasuka ukucha.

"Acha," akasema. "Nina mdomo."

Akarudia polepole, jina la kwanza, kisha la ukoo, akimsubiri Nkwimba amalize kuandika.